Mapengo ya Trident, 1916: watu watatu, kamba ya mita 15 na mlima usioonyesha mgongo wake

Kisa hiki wengi wanakijua, ila kinasimuliwa zaidi upande wa boti na bahari, na Ernest Shackleton, kiongozi wa msafara wa Antaktika, alivyookoa watu wake wote, afu ile sehemu ya milimani inapitwa haraka haraka. Mimi leo nataka hiyo hiyo inayopitwa. Yaani tarehe 19 Mei 1916, kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia, watu watatu wako kwenye kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, mbele ya safu ya vilele inaitwa Trident, wanatafuta pengo la kuvukia, pale mgongo wa mlima unapoinama kati ya kilele na kilele. Wanapanda, wanachungulia, hakuna njia, wanashuka, wanajaribu jingine. Vifaa vya kamba vya maana hawana. Kwa anayependa milima hicho ndo kipande kitamu kuliko vyote.

Tuweke msingi kidogo. Meli yao Endurance ilibanwa na barafu ya Antaktika ikazama Novemba 1915. Watu 22 waliachwa Elephant Island, sita wakaja na kiboti James Caird mpaka South Georgia wakafika Mei 10, ila upande mbaya, ghuba ya King Haakon, wakati vituo vya wavuvi wa nyangumi viko upande wa pili wa kisiwa. Boti haikuwa na uwezo tena wa kuzunguka, na kati ya sita wawili walikuwa hoi, mmoja akabaki kuwaangalia. Kwa hiyo wakaenda Shackleton mwenyewe, Frank Worsley nahodha wa Endurance, na Tom Crean, Mwayalandi. Waliondoka kama saa 9 usiku, kwa mwanga wa mwezi.

Sasa angalia mzigo maana uchambuzi wote umesimama hapo. Kamba ya futi 50, kama mita 15. Tezo la seremala la kutumia badala ya shoka la barafu. Jiko la Primus lenye mafuta, chungu kidogo, vijiti 48 vya kiberiti, chakula cha siku tatu. Viatuni fundi wao aliwapigilia skrubu zilizotolewa kwenye boti ili visiteleze. Hema hakuna, mifuko ya kulalia hakuna. Ramani waliyokuwa nayo ilionyesha ukingo wa pwani tu, katikati ya kisiwa karatasi nyeupe, kwa sababu huko ndani kulikuwa bado hakujapimwa.

Watu wakisikia kamba wanafikiri basi walikuwa na kamba. Mita 15 kwa watu watatu, bila kitu cha kuikamatisha kwenye theluji, haikushushi genge lolote la maana, yaani ukuta uliosimama wima. Inakusaidia kwenye nyufa za barafu, mmoja akitumbukia wengine wamkamate, na kwenye ukungu waliitumia kama usukani kabisa, yaani Shackleton mbele anakanyaga theluji, wa mwisho kabisa kwenye kamba anaangalia kama mstari umenyooka, anapiga kelele kushoto, kulia, hivyo hivyo, kama wako kwenye meli. Ila kwa kazi ya kupanda pengo na kushuka upande wa pili wahesabu tu kwamba walikuwa hawana kamba. Walihitaji pengo ambalo mtu anaingia na kutoka kwa miguu yake.

Kabla hata ya kufika Trident walishapoteza muda. Alfajiri wakiwa juu kama mita 900 waliona chini kitu kama ziwa kubwa lililoganda, ukungu umefunika ng'ambo yake, wakaamua kushuka maana ziwa liko kwenye uelekeo wao na tambarare ni rahisi kutembea. Baada ya kama saa nzima zikaanza kuonekana nyufa, nyembamba kwanza afu zikapanuka, yaani wako juu ya mto wa barafu, na ukungu ulipoondoka wakaona lile ziwa halina ng'ambo. Ni bahari. Ilikuwa Possession Bay, ghuba ambayo James Cook alishuka Januari 1775. Wakageuza wakapanda tena.

Hili nalitaja kwa sababu moja tu, saa. Mei kule ni kuelekea katikati ya majira ya baridi, na kisiwa kiko nyuzi 54 kusini, kwa hiyo mchana wenye jua unadumu kama saa 8 hivi. Shackleton alikuwa na bajeti ya mwanga, na alishaanza kuitumia kabla hajaugusa mlima wenyewe.

Tuje kwenye pengo la kwanza. Baada ya kula wakaelekea ukingo mkali kati ya vilele viwili. Kwa nini hilo? Ukisoma maelezo yake mwenyewe na ukafuata uelekeo, lilikuwa mbele yao tu, yaani ukichukua dira ukanyoosha mkono unagusa pale. Hapo mimi nina neno kidogo. Pengo lililonyooka na dira lina sifa moja tu, limenyooka na dira, haina uhusiano wowote na kama linapitika. Asubuhi ile jua lilikuwa limetoka na hewa safi, wakiwa bado kwenye uwanda wa theluji unaopanda taratibu, mbali kidogo na mlima, na ndo muda pekee wa siku nzima walipoweza kuyaona mapengo yote kwa pamoja na kuyalinganisha. Ukishasogea chini ya mlima unabaki unaona moja moja, vilele vinakuziba kushoto na kulia. Sijui kama walikaa wakalinganisha au la, maelezo hayasemi, yanasema tu wakaenda.

Na cha kulinganisha kipo hata kama upande wa nyuma huuoni. Mgongo kama huu unachongwa na barafu kutoka pande zote mbili. Kichwa cha mto wa barafu kinakula mwamba nyuma yake, kinang'oa vipande, ukuta unabaki umesimama wima. Kwa hiyo pengo jembamba lenye meno ya mwamba kila upande mara nyingi maana yake kuna barafu imekuwa ikila kutoka nyuma na huko nyuma ni ukuta. Pengo pana lenye mviringo, theluji imepita juu yake bila kukatika, linaashiria kwamba barafu iliwahi kumwagikia upande wa pili kupitia hapo, kwa hiyo kuna uwezekano wa mteremko badala ya genge. Si sheria, milima haina mkataba na mtu, ila ukiwa na majaribio machache ya kutumia ndo unaanzia na pana.

Walifika juu kama saa 5 asubuhi. Sehemu ya mwisho ilikuwa kali mpaka Shackleton anachonga vidato, na tezo lilifanya kazi vizuri, pigo moja kidato kimoja, wenzake wameshika kamba chini wanasubiri habari. Akasimama kwenye ukingo akachungulia. Genge la wima, na chini yake kama mita 450 barafu iliyovurugika. Akajaribu kuambaa pembeni kuzunguka kilele kilichomziba, bado akichonga vidato, akakutana na genge lile lile.

Hesabu ya hapo ni hii. Kupanda kulichukua saa 3. Kushuka saa 1. Jumla saa 4 kati ya mchana wa saa 8, kwa kupata jibu moja tu la hapana.

Watu wengi hapa wanauliza mbona hawakuambaa tu juu kwa juu, kutoka pengo la kwanza kwenda la pili, badala ya kushuka mpaka chini na kupanda upya? Ukiangalia karatasini ni fupi. Ila mgongo wenyewe ulikuwa mwembamba kama wembe na umejaa vilele, kila kilele unakizunguka kwa vidato juu ya utupu, na kidato cha kuambaa ni kigumu kuliko cha kupanda kwa sababu unachonga pembeni huku uzito umeegemea mguu mmoja, ukiteleza unakwenda na wote watatu maana mko kamba moja na hakuna kitu kimeishikilia. Alikuwa ameshajaribu kipande kidogo cha hiyo ambaa akaona. Kushuka chini kabisa, kutembea kwenye kitako cha mlima, na kupanda tena, kunachosha mara kumi ila hakuui. Mimi huo ndo naona uamuzi bora wa siku nzima na hausifiwi kabisa, watu wanasifia tu ule mtelezo wa mwisho tutakaoufikia.

Alikuwa ameona pia kitu upande wa kaskazini mashariki, mteremko wa theluji unaoweza kuwa njia. Kwa hiyo hawakushuka tu kwa kukata tamaa, walishuka na shabaha. Wakiambaa kitakoni wakapita korongo kubwa lililochimbwa na upepo kuzunguka mlima, karibu kilomita mbili na nusu urefu na mita 300 kina, wakala tena kidogo saa 6 na nusu mchana, wakaanza kupanda pengo jingine.

Huko juu theluji ilikuwa nyembamba imekaa juu ya barafu ya bluu, mita 45 za mwisho zote vidato. Akachungulia. Genge lile lile.

Hali ikawa imebadilika kwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Jua la mchana lilikuwa limelegeza theluji, kwa hiyo mteremko uliokuwa imara asubuhi sasa hauaminiki, kila hatua unaisikilizia. Na nyuma yao ukungu ulikuwa unapanda kutoka magharibi, mbele ukungu mwingine unapanda kutoka mashariki, inakutana mabondeni. Wako juu kama mita 1,370 kwa hesabu yake, hawana hema, nguo zimechakaa za miezi mingi. Kubaki pale usiku ni kufa, hilo halina mjadala.

Masimulizi mengi yanahesabu mapengo manne kwa jumla, wakihama kutoka kulia kwenda kushoto. Idadi hainisumbui sana. Kinachonivutia ni kwamba kila jaribio lilinunuliwa kwa bei tofauti. La kwanza lilinunuliwa kwa muda, na muda bado upo. La katikati kwa muda na theluji inayolegea. La mwisho kwa muda ambao haupo tena, mwanga unakufa, ukungu uko mgongoni. Pengo lile lile la mwisho, kama wangelifikia saa 5 asubuhi, lingekuwa jambo la kawaida kabisa, wangekaa wangeangalia, wangeshuka taratibu. Ugumu wake ule tunaousoma leo mwingi ulitoka kwenye saa, si kwenye mlima.

Basi wakarudi, wakazunguka, wakapanda tena, wakafika juu giza linaanza. Shackleton akachungulia akawageukia wenzake akawaambia njooni. Mbele mteremko mkali wa barafu, ila chini kidogo unaonekana kuungana na mteremko wa theluji. Mwisho wake hauonekani. Unaweza ukawa unaishia kwenye genge jingine, na wote waliliwaza hilo.

Twende polepole hapa. Walianza kushuka kwa vidato. Kuchonga vidato ukishuka ni kazi mbaya, unainama unapiga chini ya miguu yako mwenyewe, tezo lina mpini mfupi, mwili unataka kwenda mbele. Mteremko wote ulikuja kuwa kama mita 270 za kimo. Chukua kidato kimoja kwa kila sentimita 30, ni vidato 900. Mpe nusu dakika kila kimoja, na nusu dakika ni ukarimu kwa mtu aliyetembea tangu saa 9 usiku, inakuwa kazi ya muda wa saa 7 na nusu. Gizani. Kwenye ukungu. Kwa hiyo chaguo la kushuka kwa usalama hadi chini halikuwepo, hata kama kwenye maneno linasikika lipo.

Halafu theluji ikaanza kuwa laini chini ya tezo. Shackleton anaeleza kwamba aliichukua kama dalili mteremko unapungua ukali. Na ni kweli kimaumbile, juu kabisa upepo unafagia kila kitu inabaki barafu tupu, theluji inatulia pale upepo unapopoa na ardhi inapolala kidogo. Hivyo ule ulaini ulikuwa habari. Hawakuwa na macho, hawakuwa na ramani, ila mkono wake ulikuwa unasoma mteremko kupitia tezo. Ndo maana nakataa ile hadithi kwamba walijitupa tu kama vipofu. Walijitupa wakiwa na ushahidi mmoja, dhaifu, lakini upo, na waliusubiri mpaka ukaja, hawakuteleza kutoka juu kwenye barafu ngumu.

Ushahidi huo una upande wake mwingine pia. Theluji laini baada ya siku ya jua, kwenye mteremko mkali, ni theluji inayoweza kuporomoka. Maporomoko mengi ya theluji yanaanzia kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, hapo hapo walipo. Kilichowasaidia pengine ni kwamba jua lilishaondoka na baridi ya jioni ilishaanza kushika, ila hiyo ni bahati ya ratiba.

Wakafungua kamba. Hapa watu wanashangaa, mbona wafungue kwenye sehemu ya hatari zaidi? Fikiria lakini, kamba inayowaunganisha watatu bila kushikwa na chochote kwenye mteremko wa kuteleza haimkamati mtu, inawavuta wote, na kama mmoja akijipiga mahali wengine wanapata mjeledi wa mita kadhaa. Kamba isiyo na pa kushikwa ni mzigo. Inasimuliwa waliiviringisha wakaikalia, mmoja nyuma ya mwenzake, miguu imemkumbatia wa mbele, wakawa kitu kimoja kizito. Dakika mbili tatu wakawa chini, wamesimamishwa na tuta la theluji. Walipoangalia juu ukungu ulikuwa umeshafika kwenye ukingo.

Kamba ilikuja kufanya kazi ya kamba kesho yake tu, mwishoni kabisa, kwenye maporomoko ya maji ya kama mita 8 au 9 yenye kuta za barafu kila upande, wakaifunga kwenye jiwe wakashukia humo humo majini na kuiacha. Jioni hiyo ya Mei 20 wakaingia Stromness, kituo cha wavuvi wa nyangumi.

Swali ninaloulizwa nikisimulia hiki kisa ni kama leo kwa satelaiti ungepata pengo sahihi ukiwa umekaa mezani. Karibu ndiyo, ila kuna mtego. Data za mwinuko za SRTM, zilizopigwa na chombo cha anga Februari 2000, zinafika mpaka nyuzi 56 kusini kwa hiyo kisiwa kimo. Genge la mita 450 utaliona bila shida. Ila kila kipande cha data kina upana wa mita 30, na ndani ya kipande hicho genge la mita 15, ambalo linakula kamba yote ya Shackleton, linatandazwa likawa mteremko wa nyuzi 27 hivi, kwenye skrini unaonekana ni wa kutembea mikono mfukoni. Ramani yenye kontua, yaani mistari ya kimo, za kila mita 20 nayo ina ugonjwa huo huo, genge la mita 15 linaweza kulala katikati ya mistari miwili bila kuguswa. Kwa hiyo mezani unaondoa yasiyowezekana, yaani pengo la kwanza na lile la katikati unayafuta kwa dakika kumi, ila lile la mwisho bado unalithibitisha kwa macho, na picha za jua la pembeni, zile vivuli virefu, zinakuonyesha ngazi za mwamba ambazo namba zimezificha.

Na jingine, barafu ya South Georgia imepungua sana tangu wakati ule. Pale walipoteleza juu ya theluji leo pengine mtu anakutana na nyufa au mwamba. Kufuata nyayo zao siyo dhamana ya kitu chochote.

Duncan Carse, aliyepima kisiwa kwenye safari za kati ya 1951 na 1957, alivuka na kundi lake kwa njia nyingine ya juu zaidi, wakiwa na sleji, mahema, chakula na muda. Timu ya wanajeshi wa Uingereza chini ya Malcolm Burley ndiyo iliyokuja kufuata njia yenyewe ya Shackleton mwaka 1964, na mwaka 2000 wakapita Reinhold Messner, Conrad Anker na Stephen Venables, wapandaji wa kiwango cha juu kabisa duniani, wenye mashoka ya barafu na kamba za kutosha. Hao wa 1964 na wa 2000 walifika Trident wakijua tayari kwamba nyuma yake kuna mahali pa kushukia, na kwa maoni yangu hiyo habari peke yake ni nyepesi kubeba na ina thamani kuliko kamba zote walizokuwa nazo.